Pezi la Kushoto

Samaki alikuwa ndani ya ndoo ndogo nyeupe, juu ya vipande vya barafu vilivyokwisha kuyeyuka nusu. Mwanamke aitwaye Mwanaharusi aliiweka ndoo juu ya meza ya Inspekta Elieth Ndahani, akafungua kifuniko, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu samaki amekatwa pezi na mume wangu," alisema.

Elieth hakugusa kitu. Kwa miezi kumi na minne mwanamke huyu alikuwa akija ofisini kwake kila mwezi kuuliza, na kila mwezi alijibiwa kwamba hakuna jipya. Mumewe, Hanifu Masudi, fundi wa kupandikiza samaki kwenye mabwawa, alitoweka Machi mwaka jana katika bwawa la Chigela, mwendo wa nusu saa kwa gari kupita Hombolo. Wazamiaji walitafuta siku tatu bila kuona mwili. Walipata viatu vyake ukingoni, na damu yake ndani ya mtumbwi wa mvuvi aitwaye Castory Chibago. Wiki moja kabla ya hapo watu wawili hao walikuwa wamegombana mbele ya kijiji kizima kuhusu nyavu za macho madogo.

Castory alijitetea kwamba Hanifu alijikata kiganja kwa msumari wa mtumbwi, naye Castory akamfunga kitambaa na kumshusha ukingoni akiwa mzima. Elieth hakumwamini. Yeye ndiye aliyemkamata na kuandika jalada. Tangu hapo Castory alikuwa mahabusu, na kila baada ya wiki mbili alipelekwa mahakamani kusikia kwamba upelelezi haujakamilika.

"Kaa, Mama Lulu," Elieth alisema.

Watu wote waliendelea kumwita hivyo, ingawa Lulu, mtoto wake wa pekee, alizama Chigela akiwa na miaka sita, miezi minne kabla baba yake hajatoweka.

"Umemnunua wapi?"

"Soko la Miyuji, Ijumaa, kwa Devota. Nilikuwa nampara magamba. Nimemaliza upande mmoja, namgeuza, naona pezi la tumboni la kushoto halipo."

"Samaki hupoteza mapezi. Kambale humng'ata. Nyavu humchana."

"Likichanwa hubaki vipande. Hili limetoka kwenye mzizi, kwa mshazari, kuanzia upande wa kichwa kwenda mkiani." Mwanaharusi alinyoosha kidole bila kumgusa samaki. "Alikata hivyo vifaranga wote aliowapandikiza, ili siku akivua ajue yupi aliletwa na yupi amezaliwa mlemle bwawani. Wenzake hukata ncha ya mkia, nao mkia unaota tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia, afande. Maelfu."

"Ijumaa mpaka leo Jumatatu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naye kwenye friji. Nilikuwa nafungua, namtazama, nafunga. Niliogopa utaniambia nimechanganyikiwa."

Elieth alimtazama samaki. Sato wa robo kilo hivi, upande mmoja mtupu, upande mwingine una magamba yake yote.

"Kwa hiyo na wewe unajua kukata."

"Sijawahi kukata. Nilikuwa nashika."

"Lakini unajua inavyokatwa."

"Najua."

"Ungekuwa kwenye kiti hiki, ungefikiri nini?"

"Ningefikiri huyu mwanamke amemkata mwenyewe, apate cha kuja nacho."

Elieth alifunga ndoo, akachukua funguo za gari.

*

Mzee Octavian alikuwa ofisa uvuvi kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu na kuchimba mabwawa matatu ya samaki nyuma ya nyumba yake. Hanifu alijifunza kazi kwake. Alipokea shikamoo ya Elieth, akavaa miwani, akamlaza samaki juu ya gazeti.

"Kidonda kimepona zamani sana," alisema. "Ngozi imefunga kabisa, hata kovu halionekani vizuri. Huyu alikatwa akiwa kifaranga, wa urefu wa kidole. Hakuna mtu aliyemkata wiki iliyopita."

"Anaweza kuwa mmoja wa wale wa Chigela? Wale aliowapandikiza Hanifu kabla hajapotea?"

"Hilo ndilo swali." Mzee alibandua magamba matatu kwa ncha ya kisu, akayasuuza kwenye kisahani. "Kwa uzito huwezi kujua. Samaki aliyedumaa anaweza kuwa mdogo na bado ni mzee. Tuangalie hapa."

Aliweka gamba chini ya hadubini ya zamani iliyokuwa juu ya meza ya kulia chakula, akarekebisha, akatazama kwa muda mrefu. Akaweka la pili. Akaweka la tatu.

"Huku kwetu Juni mpaka Agosti maji yanapoa, samaki anaacha kukua. Alama inabaki kwenye gamba, mstari umebana, kama ulivyo kwenye shina la mti. Tazama mwenyewe."

Elieth aliinama. Aliona mistari myembamba iliyopangana kwa nafasi sawa mpaka pembeni.

"Sioni kilichobana."

"Hakuna. Huyu hajaona kipupwe hata kimoja. Amezaliwa baada ya Agosti mwaka jana."

Hanifu alitoweka Machi. Elieth alirudia hesabu hiyo kichwani mara mbili. Pezi lilikuwa limekatwa miezi mitano au zaidi baada ya mtu aliyelikata kuandikwa marehemu.

"Ulimfundisha mwingine kukata hivi?"

"Hata yeye sikumfundisha hivyo. Mimi nilikata mkia. Yeye alikuja na lake." Mzee Octavian alivua miwani. "Mwanangu, kama yupo hai, mwambie nimemtukana."

*

Elieth alienda Chigela mchana huohuo. Kama kuna mtu aliyepandikiza samaki pale baada ya Machi, hoja yote kwamba Hanifu yupo hai ingeanguka.

Bwawa lilikuwa limejaa. Mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri, na maji yalikuwa yamepanda juu ya malisho mpaka kwenye migunga, miti kumi na mitano au zaidi ikiwa imesimama ndani ya maji. Emilia, mke wa Castory, alikuwa ukingoni akianika dagaa juu ya chandarua. Alimwona Elieth akishuka kwenye gari, akaendelea kuanika.

"Habari za hapa, Mama."

Emilia hakuitika.

"Nina swali moja tu. Tangu Hanifu apotee, kuna mtu ameleta vifaranga hapa?"

"Nani alete? Fundi mnasema amekufa. Mume wangu, mwenyekiti wa wavuvi, mmemfunga." Alikung'uta mikono. "Hakuna aliyeleta hata mmoja. Kwa nini unauliza?"

"Siwezi kukuambia bado."

"Mwaka mzima unasema bado." Kwa mara ya kwanza Emilia alimtazama usoni. "Mtumbwi wake mliuchukua mkaurudisha. Sijaruhusu mtu aupande. Ukimwona mwambie hivyo, maana mimi nikienda kumwona naishia kulia, sisemi kitu."

Mtumbwi ulikuwa umefunikwa kwa nyasi chini ya kibanda. Elieth alifunua nyasi, akapitisha tochi ya simu kwenye mbao za ndani. Karibu na kiti cha nyuma, chini ya mdomo wa mtumbwi, kulikuwa na msumari uliotokeza nusu inchi. Mwaka jana aliuona. Mwaka jana alipiga picha damu, hakupiga picha msumari.

Safari hii alipiga.

*

Jumanne asubuhi Devota alipokea mzigo wake. Elieth, akiwa na gauni la kitenge na kikapu, alisimama mbele ya meza yake akiwageuza sato mmoja mmoja.

"Mteja, ukiwageuza sana watachoka," Devota alisema. "Wote ni wa leo."

"Wa Mtera hawa?"

"Wa Mtera wale wakubwa. Hawa wametoka Kondoa. Ananiletea Msafiri kwa basi, Jumanne na Ijumaa."

Kwenye meza kulikuwa na sato kumi na mmoja. Wanne hawakuwa na pezi la kushoto. Mshazari uleule. Mwanaharusi hakuwa amemkata samaki yeyote. Elieth aliona aibu kidogo, akaendelea.

"Mbona hawa wana kasoro?"

"Si kasoro, ndivyo wanavyotoka kule. Kuna lambo la kijiji, kilomita kama sita kutoka Kolo, chini ya vilima. Lilikuwa na vyura tu. Akaja fundi mmoja akawawekea samaki, sasa kijiji kizima kinakula. Msafiri anamsifu kweli. Anasema ni mpole mno, hana simu, haongei na mtu."

"Anaitwaje?"

"Fundi Masudi."

Elieth alinunua wale wanne. Kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada jina la marehemu liliandikwa kwa mkono wake mwenyewe: Hanifu, mtoto wa Masudi.

Alimpigia Mwanaharusi akiwa ndani ya gari. Hakuwa na haki ya kumficha, wala hakuwa na haki ya kumpa tumaini lisilo na uhakika. Alichagua maneno.

"Kesho naenda Kondoa kuulizia samaki."

Kisha Mwanaharusi akasema, "Nichukue."

"Siwezi."

"Nitakaa ndani ya gari. Sitashuka."

"Mama Lulu, kama si yeye?"

"Kama si yeye nitajua nikiwa ndani ya gari."

Elieth alikataa. Ulikuwa ni utaratibu, na utaratibu ulikuwa sahihi. Lakini simu ilipokatika alibaki ameishika mkononi kwa muda.

*

Lambo lilikuwa dogo, limezungushiwa tuta la udongo lililoota majani. Elieth alimwacha dereva barabarani, akapanda tuta peke yake. Upande wa pili, kwenye kivuli cha kibanda cha nyasi, mwanamume mwembamba alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya beseni. Alikuwa amelaza kifaranga juu ya kitambaa kilicholowa, amembana kwa magoti mawili, na anajaribu kumshika kwa mkono mmoja huku akikata kwa mkono mwingine. Kifaranga alichomoka, akarukia majani. Mwanamume akamwokota taratibu, akamrudisha kwenye maji, akachukua mwingine.

Kazi hiyo ilihitaji watu wawili. Elieth alisimama akimtazama akikosa mara tatu kabla ya kukohoa.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibu."

"Wewe ndiye Fundi Masudi?"

"Ndiye mimi."

"Hilo ni jina la baba yako. Mimi ni Inspekta Elieth Ndahani, natoka polisi Dodoma. Naomba nione kiganja chako cha kushoto."

Mwanamume aliweka mkasi chini. Alinyoosha mkono kama mtu anayepokea kitu. Kovu lilikatiza kiganja kutoka kwenye mzizi wa kidole gumba mpaka katikati.

"Ulikatwa na nini?"

"Msumari. Kwenye mtumbwi."

"Wa nani?"

"Wa Castory. Tulikuwa tumepatana siku ile. Alinipeleka kuangalia mitego, mtumbwi ukayumba, nikashika vibaya. Alichana shati lake akanifunga."

"Kisha?"

"Akanishusha ukingoni, akaenda zake."

"Na viatu?"

Hanifu alitazama maji. "Nilivua. Niliingia pale alipozama mwanangu. Nilikuwa nakwenda tu. Maji yalifika kifuani, nikashindwa kuendelea na nikashindwa kurudi nilikotoka. Nikaambaa majini mpaka upande wa pili, nikatoka, nikatembea. Nimetembea siku nyingi, afande."

"Unajua Castory yuko wapi sasa?"

"Chigela. Atakuwa wapi?"

"Yuko mahabusu. Ameshtakiwa kwa kukuua."

Vifaranga walipiga mikia ndani ya beseni.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile."

"Lakini alinifunga kitambaa," alisema, kana kwamba Elieth hakuwa ameelewa. "Alichana shati lake mwenyewe."

"Alituambia. Hatukumwamini."

Hanifu alisimama. Alibeba beseni mpaka majini, akalizamisha pole pole, akasubiri vifaranga wote watoke, waliokatwa na wasiokatwa. Aliosha mikono, akajipangusa kwenye shati.

"Twende," alisema.

Wakiwa njiani kurudi, baada ya Kolo, Elieth aliuliza swali ambalo halikuwemo kwenye daftari lake.

"Kwa nini hukurudi nyumbani? Mkeo amekuja ofisini kwangu mara kumi na nne."

Hanifu alikuwa amegeukia dirishani. "Siku ile Lulu alipozama mimi ndiye niliyekuwa naye. Nilimwambia mama yake, nenda tu, mimi namwangalia. Halafu nikainama kuhesabu samaki." Alimeza mate. "Mama Lulu hakunilaumu. Hata siku moja. Alinipakulia chakula, alinifulia, akanishikia vifaranga kama kawaida. Angenitukana ningekaa."

Gari lilipita matuta mawili.

"Kila Ijumaa baada ya swala natembea mpaka Kolo, barabarani," aliendelea. "Basi la Dodoma linasimama. Kondakta ananiuliza, mzee, unapanda? Namwambia nasubiri mtu. Linaondoka. Nalitazama mpaka linapinda. Ndiyo narudi lamboni."

"Ijumaa ngapi?"

"Zote."

*

Mwanaharusi alikuwa kituoni kabla yao. Elieth hakuwa amempigia. Alikuwa amekuja tangu asubuhi, akakaa kwenye benchi la mapokezi. Hanifu alipoingia, aliinuka, na mkoba wake ukaanguka. Hakuna aliyeuokota.

Walitazamana. Hanifu alikuwa amekonda, naye Mwanaharusi alikuwa na mvi ambazo hakuwa nazo zamani. Elieth angeweza kuwatenganisha, maana maelezo yalikuwa hayajaandikwa. Alijifanya anatafuta kalamu.

"Nilikutafuta kwa ajili yangu," Mwanaharusi alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayetoa maelezo. "Watajisemea nilikutafuta ili Castory atoke. Si kweli. Castory nilimkumbuka baadaye, Mungu anisamehe."

"Mama Lulu..."

"Ngoja. Nilikuwa naamka nasikia unavua viatu mlangoni. Natoka, hakuna mtu. Nilikuwa nanunua samaki nisiokuwa na hamu nao ili nitazame matumbo yao." Hapo sauti ilikatika, akaishika tena. "Ulijua mimi niko wapi. Mimi sikujua wewe uko wapi. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na sijui kama nitaisahau."

Hanifu aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye sakafu, wala hakuyafuta.

"Mwambie afande kila kitu," Mwanaharusi alisema. "Mwambie habari ya Castory kwanza. Ukimaliza utajua mwenyewe unakwenda wapi. Mimi naishi palepale."

Aliokota mkoba wake. Lakini hakuondoka. Alirudi kwenye benchi, akakaa, akauweka mkoba mapajani, na kwa saa tatu ambazo Hanifu alikuwa ndani akiandikwa maelezo, Elieth alipotupa macho kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona yuko palepale, amenyooka, anatazama ukuta.

*

Alhamisi asubuhi Elieth alikwenda gerezani. Angeweza kumwachia wakili wa Serikali ampe Castory habari hiyo mahakamani. Alikwenda mwenyewe.

Askari magereza alimleta kwenye chumba cha mahojiano, mwanamume mpana wa mabega aliyekuwa amepungua ndani ya nguo zake. Alikaa bila kusalimia.

"Hanifu yupo hai," Elieth alisema. "Nimemleta jana kutoka Kondoa. Ameeleza habari ya msumari na kitambaa, sawasawa na ulivyoeleza wewe. Jumatatu kesi inaondolewa, unatoka." Alisubiri. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba uliua. Msumari niliuona, sikuuandika. Nimekuja kukuomba radhi."

Castory aliweka mikono yake miwili juu ya meza, akaitazama.

"Mzima?"

"Mzima."

"Una hakika ni yeye?"

"Mkewe amemwona. Kovu nimeliona."

Pumzi ilimtoka Castory kwa mkupuo, mabega yakashuka. "Mwezi wa nane nilianza kumwota," alisema. "Naota namshika kichwa, namzamisha. Naamka natetemeka. Kila mtu alikuwa anasema nimemuua. Mahakama, magazeti, wenzangu selo. Nikaanza kusema labda ni kweli, labda nimesahau tu." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Radhi yako nimeisikia, afande. Sijui bado niiweke wapi."

"Sawa."

"Mke wangu umemwona?"

"Jumatatu. Anasema mtumbwi wako hajaruhusu mtu aupande."

Castory aligeuza uso ukutani. Elieth alifunga daftari, akangoja. Nje mtu alikuwa akifagia uwanja kwa ufagio wa miti.

"Chigela kuna maji?" Castory aliuliza, bado ametazama ukuta.

"Limejaa. Maji yamepanda malisho yote, yamefika kwenye migunga. Miti mingine imesimama ndani kabisa."

"Migunga ya upande wa shule au ya upande wa kisima?"

"Ya kisima."

"Mpaka kisimani!" Aligeuka, na kwa mara ya kwanza alimtazama Elieth bila chuki. "Basi kambale wako kwenye majani. Ukitembea pembeni asubuhi unaona majani yanatikisika yenyewe. Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Mpaka Jumatatu ni siku nne."

"Siku nne."

Askari magereza aligonga mlango, muda ulikuwa umekwisha. Elieth aliinuka, lakini Castory hakuinuka. Alikuwa ameegemea meza, mikono ameikunja kama mtoto anayesubiri hadithi.

"Hebu niambie tena, afande," alisema. "Maji yamefika wapi?"

Elieth alimtazama askari, akamwonyesha vidole vitano. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza tangu mwanzo, kuanzia pale barabara inapoacha mashamba ya zabibu na bwawa linapoonekana kwa mara ya kwanza.